Nani Anaizima Mashine ya Eufrazia

Eufrazia alikuwa mtu wa kuchunguza. Ukimletea samaki anamfunua mashavu kabla hajakwambia asante, na ukimletea habari anaifanya vilevile. Mumewe Albano, mchonga vinyago aliyefanyia kazi uani kwao Keko, alikuwa akisema, "Mke wangu akikuta yai limepasuka kiotani, anataka kujua jogoo alikuwa wapi saa hiyo." Watu wanacheka. Eufrazia hacheki. Anajibu, "Mwenye macho haambiwi tazama," kisha anaendelea kuchambua mchele wake.

Na tusimwonee. Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, na nyie mliokuwepo mnakumbuka wenyewe. Ni juzi tu watu walikuwa wametupa sukari chooni na kufukia mabati usiku kwa kuogopa kukamatwa na kuitwa wahujumu uchumi. Jirani akionekana na godoro jipya, mtaa mzima unaulizana amelitoa wapi. Neno mhujumu lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, hadi watoto wakidhulumiana gololi wanaitana hivyo. Katika mji wa namna hiyo, mtu kama Eufrazia alionekana ana akili tu.

Alikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma pale Chang'ombe, jina lake tuliache, lililokuwa likigawa madaftari, chaki na vitabu kwa shule za mikoani. Miaka kumi na minne alikaa kwenye taipu, vidole vimekuwa vigumu kama vya mkulima. Mwaka huo shirika likapata kompyuta. Moja tu. Ilitoka kwa wafadhili, ikaingia nchini kwa kibali maalumu, na siku ilipofunguliwa kwenye sanduku lake watu waliacha kazi wakaja kuchungulia dirishani kama waliokuja kumwona bibi harusi.

Ikapewa chumba chake peke yake. Kiyoyozi ambacho hata meneja hakuwa nacho kikafungwa humo, zulia likatandikwa, na amri ikabandikwa mlangoni: VUA VIATU. Ndugu Adelard, meneja mwenyewe, mtu wa Bukoba aliyejali viatu vyake kuliko alivyojali chakula cha mchana, naye alivua. Mtaalamu aliyekuja nayo alimfundisha Eufrazia kwa wiki tatu, na neno la mwisho alilomwachia akipanda gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa hili: vumbi ni adui.

Eufrazia akalishika neno hilo kama Amri ya Mungu.

Sasa, yeye alikuwa amelelewa na masista kule Ndanda, na masista walimfundisha kudarizi. Nyumbani kwake hakuna kitu kilichokaa uchi. Meza ina kitambaa, viti vina vitambaa, redio ina kitambaa chake cheupe chenye mawaridi, na iliimba humo humo ndani ya nguo yake kwa miaka tisa bila kulalamika. Ataiachaje kompyuta ya serikali ikae uchi? Akanunua kitambaa kizito cha marekani kwa shida, akatafuta nyuzi nyekundu na kijani, akadarizi mwezi mzima. Ikawa nguo kamili ya mashine: juu, ubavuni, nyuma hadi chini mezani, na mbele pazia la kufunua wakati wa kazi. Kifuani aliandika kwa herufi za maua KARIBU MGENI WETU. Kila Ijumaa jioni anaivua, anaipeleka Keko, Jumamosi anaifua kwa sabuni ambayo nyumbani kwake watu walikuwa wanagawana kwa kisu, anaipiga pasi, na Jumatatu saa mbili asubuhi anaivalisha mashine yake. Albano alisema, "Shati langu halijaonja sabuni tangu Kwaresima."

Basi wiki ile baada ya Pasaka mambo yakaharibika.

Alikuwa anaandika shule za wilaya ya Masasi, kwao kabisa, amefika shule ya arobaini na moja. Ghafla kioo kikawa cheusi. Kimya. Baada ya dakika kadhaa ikapiga kelele kidogo, pii, ikajiwasha yenyewe, na kwa adabu zote ikamwuliza leo ni tarehe ngapi. Shule arobaini na moja zimekwenda na maji. Eufrazia akaijibu tarehe, akaanza upya. Mchana ikazima tena. Ikamwuliza tena tarehe.

"We nawe," akaiambia, "tarehe si nimekwambia asubuhi!"

Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Siku nyingine mara mbili, siku nyingine mara nne. Inafanya kazi vizuri saa moja na nusu, saa mbili, halafu inajizima, inapumzika, inajiwasha, inauliza tarehe. Mtu mwingine angesema chombo kibovu. Eufrazia alijiuliza: nani?

Alianza na birika la umeme la kantini, kwamba linanyonya umeme wakati wa chai. Akapeleka malalamiko, birika likapigwa marufuku, watu wakakaa bila chai wiki nzima na kumnunia kila anapopita. Mashine ikaendelea kuzima. Akahamia kwa Yuliana, mfagizi, kwamba anagusa waya kwa ufagio. Akawa anafagia mwenyewe. Mashine ikaendelea kuzima. Hapo akanunua daftari dogo, akalipiga mistari, akawa anaandika kila mara inapozima: siku, saa, na nani alikuwa karibu. Alilificha ndani ya kifua cha gauni lake, na hata Albano hakuruhusiwa kulisoma.

Jina moja likaanza kurudiarudia. Jabiri.

Huyu alikuwa fundi umeme wa shirika, Mndengereko wa Rufiji anayekaa Tandika, mwembamba, mcheshi, mikono haikosi grisi. Kabla ya hapo alikuwa kwenye ghala la Pugu, akahamishiwa Chang'ombe. Lini? Wiki ile ile baada ya Pasaka. Eufrazia alipolikumbuka hilo alisikia baridi mgongoni, na haikuwa ya kiyoyozi.

Alimwita aje apime umeme. Kabla Jabiri hajafika, Eufrazia alivua haraka nguo ya mashine, akaikunja, akaifungia kabatini, maana marekani nyeupe na mikono ile, weee! Jabiri akavua viatu, akaingia, akachomeka mita yake.

"Dada, umeme wako mzuri," akasema. "Mia mbili thelathini, wala hauchezi."

"Sasa kwa nini inazima?"

"Labda plagi." Akabadilisha plagi. Akabadilisha soketi. Akavuta waya mpya kutoka kwenye boksi kuu, wa mashine peke yake. Kutwa nzima alishinda mle, anaingia anatoka, na kutwa nzima mashine ikatulia, inafanya kazi kama malaika. Eufrazia akamshukuru. Jabiri alipoondoka, akaivalisha. Kesho yake saa nne kasorobo, kioo cheusi.

Akamwita tena. Akaficha nguo tena. Jabiri akaja, mashine ikatulia tena. Akaondoka, ikavalishwa, ikazima.

Mara ya tatu Jabiri akakuna kichwa. "Dada Eufrazia, nikwambie kweli. Mie naona ugonjwa hauko kwenye waya. Uko hukohuko ndani ya sanduku. Niachie siku moja nishinde nayo, nilifungue taratibu nilitazame. Redio za watu kule Tandika huwa nazifanya hivyo, nakaa nazo tu mpaka zenyewe ziseme."

"Hufungui kitu," Eufrazia akasema.

"Basi hata nikae tu niitazame ukiwa unafanya kazi."

"Una kazi zako, Jabiri. Nenda."

Mnaona lakini? Mtu anataka kubaki na mashine. Anataka kuifungua. Na kwao anatengeneza redio, na vipuri vya redio mwaka ule vilikuwa adimu kuliko dawa. Akiwapo, mashine nzima. Akiipa kisogo, mgonjwa. Hicho kingetosha kumpeleka mtu pabaya, lakini Eufrazia alikuwa na kubwa zaidi ndani ya daftari. Jumamosi, ambapo ofisi ilifanya kazi hadi mchana, mashine haikuzima hata mara moja. Jumamosi tano mfululizo. Na kila Jumamosi Jabiri hupelekwa ghala la Pugu kukagua mitambo. Hayupo Chang'ombe.

Kikulacho ki nguoni mwako, Eufrazia akajiambia. Alhamisi akaenda kwa meneja.

Ndugu Adelard alilisoma daftari kurasa zote, mara mbili. Wizara ilikuwa imeshauliza kwa barua kwa nini orodha ya shule haijafika, na yeye hakuwa na jibu. Akavua miwani.

"Ndugu Eufrazia, unajua unachosema hapa?"

"Mie sisemi kitu, ndugu meneja. Daftari ndilo linasema."

"Hii ni hujuma."

Neno lile yeye hakulitamka, na baadaye alijitetea nalo sana moyoni, kwamba hakulitamka. Lakini hakulikataa pia.

Ijumaa saa tano walikuja watu wawili wasiovaa sare. Jabiri alikuwa juu ya ngazi kwenye korido anabadilisha taa. Wakamwambia ashuke. Akashuka akijifuta mikono, anatabasamu, akidhani ni watu wa ghala. Mkubwa wao, mpelelezi mwenye sauti ya upole, akamwambia jambo la hujuma ya mali ya umma. Jabiri akageuka, akamwona Eufrazia mlangoni pa chumba cha mashine.

"Dada, mie?" akasema.

Wakamwingiza kwenye gari.

Jumamosi mashine ilifanya kazi vizuri. Bila shaka! Eufrazia akamaliza Masasi yote akaingia Newala. Wenzake walimpisha kwenye korido kwa heshima mpya, heshima ya kuogopa, na nitakuwa mwongo nikisema haikumfurahisha. Jumapili aliimba kanisani kwa sauti hadi Albano akamtazama.

Jumatatu akaja na nguo safi, imenyooka, inanukia sabuni. Akaivalisha mashine. Akaanza kazi. Saa nne kasoro dakika kumi, alipokuwa shule ya ishirini na tano ya Newala, kioo kikawa cheusi.

Alikaa mikono juu ya meza. Baada ya muda, pii. Leo tarehe ngapi?

Jabiri alikuwa ndani kituoni, maili mbili kutoka pale.

Msidhani alifahamu papo hapo. Hapana, Eufrazia ni Eufrazia: wazo la kwanza lililomjia ni kwamba Jabiri ana mwenzake. Akafungua mlango ghafla, korido tupu. Akachungulia dirishani, hakuna mtu. Akafunga mlango kwa ufunguo, akarudi kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka akaitazama mashine yenyewe badala ya kuwatazama watu. Ilipozima tena saa sita, aliweka kiganja juu yake kwa hasira, kama anayetaka kumpiga mtoto kibao. Akakirudisha upesi. Nguo ilikuwa ya moto. Akapeleka mkono nyuma, kule ambako sanduku lilikuwa na matundu membamba mengi. Kule ndiko kulikuwa kama mdomo wa tanuri, na marekani nzito, ya pindo mbili, imeyaziba matundu yote.

Akaivua. Mashine ikafanya kazi hadi saa tisa na nusu, haikukohoa. Jumanne asubuhi akaivalisha tena makusudi. Saa nne, nyeusi. Akaivua, ikadumu kutwa. Akatoa daftari kifuani akalisoma upya. Jumamosi nguo inakuwa kwenye kamba Keko. Jabiri anapokuja, nguo iko kabatini. Na wiki ile baada ya Pasaka ndiyo wiki aliyomaliza kuidarizi nguo. Kila mstari ulikuwa kweli. Aliandika kweli tupu, na mtu yuko ndani siku ya tano.

Hakuna aliyejua. Hilo nalo alilifikiria, na tusijifanye sie tusingelifikiria. Nguo inaweza kwenda Keko isirudi tena. Mashine itapona, meneja atasema, "Mmeona? Tumemwondoa, imepona," na Eufrazia atabaki kuwa mwanamke aliyeokoa mali ya umma.

Jioni ile hakula. Albano alikuwa anasugua kinyago kwa msasa, akamwuliza nani tena.

"Mimi," akasema. Akamweleza yote.

Albano aliacha msasa. "Ana watoto?" akauliza.

"Watatu."

"Basi mbona umekaa?"

Asubuhi, Jumatano, alikuwa mlangoni kwa Ndugu Adelard kabla hajafika. Alimweleza akiwa amesimama. Meneja alisikiliza, uso ukabadilika, kwanza ukawa wa mshangao, kisha wa mtu anayepiga hesabu.

"Barua imeshakwenda mkoani," akasema. "Imeandikwa hujuma. Nikisema sasa ni kitambaa, nitaonekana mjinga, na wewe ndiye utakuwa mhujumu. Umelifikiria hilo? Ondoa nguo yako, fanya kazi. Yule wakikosa ushahidi watamwachia wenyewe."

"Lini?"

"Watamwachia."

"Ndugu meneja," Eufrazia akasema, "ile barua ya kwanza ilitoka kwenye daftari langu. Ya pili naweza kuiandika mwenyewe, na taipu najua kuitumia. Waite waje waone kwa macho yao. La sivyo naandika leo leo."

Hakuwahi kusema hivyo na bosi maisha yake yote. Ndugu Adelard alimtazama, akanyanyua simu.

Wakaja saa tatu: mpelelezi mwenye sauti ya upole, afisa utumishi, katibu wa tawi la chama, na Jabiri, siku ya sita, ndevu zimeota, shati lile lile la Ijumaa. Wote wakavua viatu mlangoni, amri ni amri. Soksi ya meneja ilikuwa imetoboka kidole gumba na hakuna aliyethubutu kucheka. Viti havikutosha; Jabiri akakaa chini kwenye zulia. Eufrazia akaivalisha mashine mbele yao, akaeleza, akaiwasha. Wakasubiri.

Saa nne ikafika. Mashine inafanya kazi. Saa nne na robo, inafanya kazi. Afisa utumishi akaanza kupiga miayo. Saa nne na nusu, herufi zake za kijani zinang'aa tu, hazina habari. Katibu akatazama saa yake, akamtazama mpelelezi. Mpelelezi akaandika kitu. Ndugu Adelard akasema taratibu, "Ndugu Eufrazia, inaonekana..."

"Bado," akasema Eufrazia.

Jasho lilimtoka ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Wiki sita nzima aliiomba mashine hii isizime. Alishasali rozari kwa ajili yake. Sasa akawa anaisemesha moyoni, zima, wewe, zima, umenizimia kila siku, leo mbele ya mtu huyu unanifanyia adabu? Hakumtazama Jabiri. Aliogopa kumtazama. Ndipo akasikia kile kiyoyozi kinanguruma kuliko kawaida, akakumbuka kwamba meneja amekifungulia mpaka mwisho kwa ajili ya wageni. Akainuka, akakizima. Hakuomba ruhusa.

Saa tano kasorobo kioo kikawa cheusi.

Mpelelezi akainuka, akapeleka mkono nyuma ya sanduku, akauondoa haraka. "Lahaula," akasema. Baada ya dakika chache, pii, mashine ikamwuliza tarehe, na yeye akaangalia pembeni kana kwamba kaulizwa jambo la aibu.

Jabiri alikuwa ameinuka. Aliishika ncha ya ile nguo, akaipitisha kidoleni, akasoma maua yaliyodariziwa.

"Hii ilikuwa wapi siku zote?" akauliza. "Nimekuja hapa mara tatu. Ningeiona, ningejua siku ya kwanza. Redio ikifunikwa hivi inaungua, mtoto mdogo anajua."

"Nilikuwa naificha ukija," Eufrazia akasema.

"Kwa nini?"

"Mikono yako. Grisi."

Jabiri akaitazama mikono yake, pande zote mbili. Akaiachia ile nguo.

Walimwachia siku ile ile. Eufrazia hakufungwa, mpelelezi aliandika uzembe, na wala si uongo. Alipata barua ya onyo kali na kurudishwa masijala, kwenye mafaili na vumbi lote analolitaka, na kompyuta akapewa mtu mwingine, ikakaa uchi. Alilia siku mbili. Siku ya tatu akamfuata Jabiri kantini, ambako birika lilikuwa limerudi na watu wanakunywa chai yao.

"Kaka Jabiri, nimekuja kukuomba radhi."

"Kaa, dada." Akamsogezea kiti. "Mie nimeshakusamehe. Nilikusamehe palepale, maana mtu akitoka mle anasamehe hata mbwa. Ila Tandika bado niko ndani."

Akamweleza. Ijumaa ile walikwenda kupekua chumba chake. Walitoa nje redio saba za wateja, mbele ya mtaa mzima, wakazipakia. Zimerudishwa, lakini kila mwenye redio kaja kuichukua na hakuna aliyeleta nyingine. Mke wake akienda bombani wenzake wanasogeza ndoo. Mtoto wake wa pili karudi shule analia, anauliza baba aliiba nini. "Nimewaambia ilikuwa nguo ya mashine," Jabiri akasema. "Wewe ungeamini? Njoo Jumapili, uwaambie wewe."

Jumapili baada ya misa Eufrazia akaenda Tandika. Albano alitaka kumsindikiza, akakataa. Jabiri alikuwa ameshazungumza na balozi wa nyumba kumi, na balozi amewakusanya watu barazani kwake, ishirini na zaidi, wanawake mkekani, wanaume wamesimama ukutani. Mke wa Jabiri alikaa mwisho kabisa na mtoto mapajani. Eufrazia akasimama mbele yao akiwa na gauni lake la kanisani. Alieleza kwa sauti yake ya kawaida, hakujipamba. Akasema jina lake, kazi yake, nguo aliyoidarizi, jinsi alivyoificha, daftari aliloandika. Akasema, "Aliyeiharibu kazi ni mimi. Jabiri hakufanya lolote. Nilimwonea, na ninamwomba radhi mbele yenu."

Balozi akamshukuru kwa kuja. Jabiri akaanza kupumua.

Ndipo mama mmoja pale mkekani, jirani wa ukuta mmoja na Jabiri, aliyekuwa akinyonyesha, akainua uso. Hakuwa na ubaya. Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kusaidia.

"Sasa dada yangu, sie hapa ni watu wazima. Hebu tuambie ukweli tu. Jabiri amekupa nini mpaka uje useme hivi?"

"Hajanipa kitu. Haki ya Mungu."

"Mtu gani anajitia matatani bure?" akauliza mwanamume mmoja ukutani. "Kazini wamekupeleka wapi, umesema? Masijala? Si umepandishwa hivyo?"

Watu wakaguna. Mwingine akauliza kitambaa kinawezaje kuzima mashine ya serikali. Mwingine akauliza huko ofisini wanamficha nani. Eufrazia aliyasikiliza maswali yale moja baada ya jingine, na hakupata hata moja ambalo yeye, angekuwa amekaa pale mkekani, asingeliuliza wa kwanza. Akamtafuta Jabiri kwa macho. Jabiri alikuwa anatazama chini, na mke wake alikuwa ameshanyanyuka na mtoto, anarudi ndani.

"Ngojeni," Eufrazia akasema. "Nisikilizeni, nianze upya."

Akaanza tena tangu siku mashine ilipofunguliwa kwenye sanduku. Hajafika kwenye Pasaka, wanaume wawili walikuwa wamekwishaondoka ukutani wakaenda zao, na yule mama alikuwa amerudi kumtazama mwanawe.